Viti Vitupu vya Ottawa: Nani Aliwafukuza Mashabiki?

Mei 2017 timu ya Ottawa Senators ilibakiza goli moja tu kuingia fainali ya Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki. Ilipambana na Pittsburgh Penguins hadi mechi ya saba, ikatolewa katika muda wa nyongeza wa pili. Kwa mji mkuu wa Kanada, nchi inayouhesabu mchezo wa hoki kuwa mali yake, hicho kilipaswa kuwa kipindi cha kugombania tiketi. Lakini katika raundi iliyotangulia, dhidi ya New York Rangers, tiketi za nyumbani zilibaki, na majukwaa ya juu yakaonekana kwenye televisheni yakiwa na mapengo. Kabla ya msimu uliofuata kuanza, klabu ilifunika viti vipatavyo 1,500 kwa maturubai. Kufikia msimu wa 2019/20, wastani wa mahudhurio ulikuwa umeshuka chini ya 13,000, wa mwisho katika ligi nzima, ilhali miaka kumi na mbili nyuma yake uwanja huohuo ulikuwa ukiingiza zaidi ya 19,000 kwa mechi.

Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mengi na yalipingana. Wapo waliosema uwanja uko mbali. Wengine wakasema timu haina matokeo, tiketi ni ghali, au mji wa watumishi wa serikali hauna joto la ushabiki. Wengi zaidi walimnyooshea kidole mmiliki. Kila hoja ina chembe ya ukweli, na tatizo ni kwamba kila mmoja aliitoa yake kana kwamba inatosha peke yake.

Usuli

Hoki inayozungumzwa hapa ni ya barafuni, si ile ya nyasi ambayo Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la 1971. Ligi yake kuu, NHL, ina timu za Marekani na Kanada, sasa zikiwa 32, na kwa miaka mingi kila timu imekuwa ikicheza mechi 41 nyumbani kwa msimu kabla ya hatua ya mtoano. Idadi hiyo ina uzito wake katika suala hili. Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 humwita shabiki nyumbani mara 15. Ottawa imekuwa ikimwita mara 41, nyingi zikiwa usiku wa siku za kazi, katika miezi ambayo baridi hushuka mbali chini ya sifuri. Na klabu za NHL hutegemea mapato ya mlangoni kuliko zile za mpira wa kikapu au wa futiboli ya Kimarekani, ambazo fedha za televisheni huzibeba.

Ottawa ilikuwa na timu kubwa zamani, bingwa mara ya mwisho mwaka 1927, ikahamishiwa St. Louis mwaka 1934. Kwa miaka 58 mji ukakaa bila timu ya ligi kuu. Vizazi viwili au vitatu vikakua vikiipenda Montreal Canadiens, iliyo umbali wa kilomita 200 hivi, au Toronto Maple Leafs, kilomita 450. Senators wapya walipoanza mwaka 1992, waliingia katika mji ambao tayari ulikuwa na wapenzi wake. Hadi leo, timu hizo mbili zinapokuja, uwanja hujaa, na sehemu nzuri ya waliomo huvaa jezi za wageni. Mtu anayesoma wastani wa mahudhurio wa Ottawa akumbuke kwamba ndani yake wamo watu ambao hawakuja kuishangilia Ottawa.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa Januari 1996 huko Kanata, magharibi mwa mji, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba. Serikali ya jimbo la Ontario ilikataa kugharimia njia za kuingilia na kutokea barabara kuu namba 417, klabu ikazijenga kwa fedha zake. Madeni yalianzia hapo, na Januari 2003 klabu ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka huohuo Eugene Melnyk, tajiri wa biashara ya dawa, aliinunua timu pamoja na uwanja kwa takriban dola milioni 92 za Marekani. Alipokelewa kama mwokozi, na kwa haki. Mwaka 2007 timu ilifika fainali, ikafungwa na Anaheim Ducks kwa mechi nne kwa moja.

Neno moja kuhusu takwimu kabla ya kuendelea. Idadi inayotangazwa na klabu ni ya tiketi zilizotoka, zikiwemo za bure na za ofa. Klabu inapoacha kugawa tiketi za bure, idadi hushuka hata kama waliolipa ni walewale. Sehemu fulani ya kuporomoka kokote ni hesabu tu kukaa sawa, ingawa tofauti ya watu elfu sita kwa mechi haiwezi kuelezwa kwa njia hiyo.

Hoja ya umbali

Kutoka katikati ya Ottawa hadi Kanata ni zaidi ya kilomita 20, na karibu kila mtu hupita barabara moja. Mechi huanza saa moja jioni, yaani foleni ya mashabiki hukutana na foleni ya watu wanaotoka kazini. Anayeishi Gatineau, ng'ambo ya mto upande wa Quebec, ana daraja la kuvuka kwanza. Treni ya mjini iliyoanza mwaka 2019 haikufika Kanata. Mabasi yapo, lakini mechi ikiisha saa nne usiku na kesho ni shule, mzazi hupiga hesabu mara mbili.

Wenye hoja hii wana ushahidi wa nje pia. Arizona Coyotes walihamia Glendale, magharibi mwa jiji la Phoenix, mwishoni mwa 2003, huku wapenzi wao wengi wakiishi mashariki, kuelekea Scottsdale. Klabu ikafilisika mwaka 2009, ikaishia katika uwanja wa chuo kikuu wenye viti takriban 5,000, na Aprili 2024 wachezaji wake wakahamishiwa Salt Lake City. Ottawa kwenyewe, tarehe 16 Desemba 2017, mechi ya wazi dhidi ya Montreal ilichezwa Lansdowne, ndani ya mji, katika baridi kali. Waliingia watu 33,959.

Udhaifu wa hoja ni kwamba uwanja haujasogea hata mita moja tangu 1996. Ulijaa mwaka 2008 ukiwa palepale ulipokuwa mtupu mwaka 2019. Huko Florida, Panthers huchezea Sunrise, pembezoni kabisa mwa eneo la Miami, karibu na kinamasi cha Everglades. Kwa miaka mingi majukwaa yao yalikuwa kichekesho cha ligi, kisha timu ikaanza kushinda, ikabeba kombe mwaka 2024 na tena 2025, na watu wakaiona njia.

Kazi halisi ya umbali ni kuondoa mahudhurio ya kupitia tu. Mtu aliyetoka ofisini karibu na uwanja anaweza kuamua saa kumi na moja kwamba leo anaingia. Anayekwenda Kanata lazima apange. Kwa hiyo uwanja wa mbali hubaki na mashabiki walioapa, na siku kiapo chao kinapolegea hakuna wapita njia wa kuziba nafasi.

Hoja ya matokeo

Hii ndiyo hoja ya baraza la kahawa popote duniani: shinda, watakuja. Ina nguvu, kwa kuwa mahudhurio ya karibu kila timu hupanda na kushuka na msimamo wa ligi. Ottawa ilimaliza ya pili kutoka mwisho msimu wa 2017/18 na ya mwisho kabisa 2018/19. Hakuna anayeshangaa watu wakibaki nyumbani.

Lakini Toronto haijabeba kombe tangu 1967 na viti vyake ni dhahabu. Winnipeg Jets walikuwa miongoni mwa timu bora za ligi msimu wa 2023/24, huku tiketi zao za msimu zikiwa zimeshuka kutoka takriban 13,000 hadi kama 9,500. Na Ottawa ya 2017 ilikuwa ikishinda.

Kwa Ottawa ya 2017 kuna maelezo yanayopitwa kirahisi: matokeo hufanya kazi kwa kuchelewa. Tiketi za msimu huuzwa kiangazi, na mnunuzi hutazama msimu uliopita pamoja na dalili za ule ujao. Walioamua mwaka 2016 walikuwa wametoka kuona timu ikikosa mtoano. Safari ya 2017 iliwakuta wachache wenye viti vya kudumu, na klabu ikalazimika kuuza maelfu ya tiketi moja moja kwa bei za mtoano ndani ya siku chache. Faida ya safari ile ilipaswa kuonekana msimu wa 2017/18. Haikuonekana, na sababu zake zimo katika hoja ya mmiliki, tutakayoifikia.

Hoja ya mfuko na aina ya mji

Viti vya bei kubwa na vyumba maalumu katika NHL hununuliwa na kampuni: benki, mafuta, mawakili, wauzaji wanaotaka kukirimu wateja. Toronto na Calgary wanazo. Mwajiri mkubwa wa Ottawa ni serikali ya shirikisho, na mtumishi wa umma wa Kanada ana kanuni kali kuhusu kupokea zawadi, kwa hiyo hata kampuni inayofanya biashara na serikali haiwezi kumkaribisha mkurugenzi wa wizara kwenye chumba chake bila maswali. Sekta ya teknolojia ya Kanata ilipata pigo kubwa kampuni ya mawasiliano ya Nortel ilipoporomoka. Mwaka 2016 mfumo mpya wa mishahara ya serikali ulioitwa Phoenix ukaanza kuwalipa watumishi pungufu, zaidi au kutowalipa kabisa. Haiwezekani kupima ni tiketi ngapi zilipotea kwa sababu hiyo, ila katika mji ambao mshahara wa serikali ndio damu yake, si jambo la kupuuza.

Ongeza kwamba wachezaji hulipwa kwa dola za Marekani ilhali tiketi huuzwa kwa dola za Kanada. Fedha ya Kanada ikidhoofika, klabu hubanwa, na njia ya karibu ya kujibu ni kupandisha bei au kupunguza mishahara ya timu. Zote mbili zinamgusa shabiki.

Winnipeg ndiyo ushahidi bora wa hoja hii. Timu ilirudi mwaka 2011 baada ya mji kukaa miaka 15 bila hoki ya ligi kuu, na tiketi 13,000 za msimu zikaisha kwa siku chache. Uwanja uko katikati ya mji, ni mmoja wa midogo kabisa katika ligi, na wamiliki wanaheshimika. Bado idadi ilishuka. Kampuni hununua sehemu ndogo ya tiketi zake, mzigo umebaki kwa familia, na janga la korona lilipowakatia watu mazoea, wengi waligundua kwamba fedha zile zina kazi nyingine. Ottawa nayo ina hali inayofanana. Lakini hata hapa swali la umbali linarudi kwa sura nyingine: Ottawa haikubadilika kuwa mji wa serikali mwaka 2017. Ilikuwa hivyo ilipojaza 19,000.

Je, ni televisheni?

Hoja hii ni ya zamani na inaweza kupitiwa haraka. Bill Wirtz, mmiliki wa Chicago Blackhawks, aliamini kwamba kuonyesha mechi za nyumbani kwenye televisheni ya mji ni kuwadhulumu waliolipa kiingilio, akazizuia kwa miaka mingi. Msimu wa 2006/07 mahudhurio yake yalikuwa chini ya 13,000 katika uwanja unaobeba zaidi ya 20,000. Alifariki Septemba 2007. Mwanawe Rocky akafungua matangazo, na msimu wa 2008/09 Chicago iliongoza ligi nzima kwa zaidi ya 22,000. Mfano huu husimuliwa kana kwamba umemaliza mjadala, na haujaumaliza, kwani Jonathan Toews na Patrick Kane waliingia kikosini mwaka uleule wa 2007. Unachothibitisha ni kwamba kuwaficha watu mchezo hakuwaleti uwanjani. Runinga kubwa na sofa vinashindana na kiti cha Kanata, hilo ni kweli, lakini vinashindana pia na viti vya Toronto.

Hoja ya mmiliki

Hapa panahitaji muda, kwa kuwa ndipo mpangilio wa matukio unapoanza kufanana na mpangilio wa takwimu.

Julai 2013 nahodha Daniel Alfredsson, aliyekuwa na timu kwa misimu 17, aliondoka kwenda Detroit baada ya kutoelewana kuhusu mkataba. Januari 2017 Cyril Leeder, rais wa klabu na mmoja wa watu walioileta timu mjini, aliondolewa. Desemba 2017, usiku wa kuamkia ile mechi ya Lansdowne, wakati mji mzima ukijiandaa kwa sherehe, Melnyk aliwaambia waandishi kwamba hali ya mahudhurio ikiwa mbaya zaidi, kuhamisha timu ni jambo linalowezekana. Machi 2018 mashabiki walichanga fedha na kuweka mabango barabarani ya kumtaka aondoke. Septemba 2018 Erik Karlsson, nahodha na beki bora wa kizazi chake, aliuzwa San Jose. Februari 2019 Mark Stone naye akaenda Vegas. Timu ikamaliza ya mwisho, na hata faraja ya wa mwisho, yaani nafasi ya juu ya kuchagua chipukizi, ilikuwa imeshakwenda Colorado katika biashara ya awali ya kumpata Matt Duchene, ambaye naye alikuwa ameshauzwa.

Wakati huohuo ulivunjika mpango wa kujenga uwanja mpya LeBreton Flats, karibu na Bunge. Tume ya Mji Mkuu wa Taifa ilikuwa imeichagua kampuni ya ubia ya Melnyk mwaka 2016. Novemba 2018 akamshtaki mbia wake akidai dola milioni 700, na mapema 2019 mradi ukafa. Dawa ya umbali ilikufa kwa ugomvi wa ndani ya nyumba yake.

Mantiki ya hoja hii ni ya kibiashara kuliko ya hasira. Tiketi ya msimu ni malipo ya mapema kwa kitu ambacho hakijatengenezwa. Mnunuzi hakijui kikosi cha Februari. Anachonunua ni imani kwamba waliopewa fedha zake watajaribu kushinda, na kwamba timu itakuwepo. Mmiliki anayetishia kuhama na anayeuza nyota wawili ndani ya miezi sita ameivunja imani hiyo, kisha anashangaa mauzo yanaposhuka.

Udhaifu wake? Kwanza, humpa mji mtu mmoja wa kubebeshwa kila kitu. Melnyk hakuuweka uwanja Kanata, na bila yeye huenda klabu isingekuwepo baada ya 2003. Pili, Winnipeg inaonyesha kwamba mmiliki anayependwa naye hupoteza mashabiki. Tatu, kuna utetezi kwamba klabu ilikuwa maskini kweli na isingeweza kuwabakiza wachezaji wale. Utetezi huu wa tatu ulipungua nguvu Septemba 2023, familia ya Melnyk ilipouza asilimia 90 ya timu kwa kundi lililoongozwa na Michael Andlauer kwa dola milioni 950 za Marekani. Mmiliki wa mali iliyopanda thamani mara kumi ana shida ya fedha mkononi, jambo tofauti na umaskini.

Mizani

Njia ya kupima ni kuuliza kipi kilibadilika pale mahudhurio yalipobadilika. Umbali haukubadilika. Aina ya mji haikubadilika. Bei zilipanda, lakini polepole na kila mahali. Vilivyoyumba kwa kasi ni viwili: matokeo na imani. Mara nyingi huenda pamoja, ndiyo maana ni vigumu kuvitenganisha, ila Ottawa imetupa vipindi viwili ambamo vilikwenda njia tofauti. Msimu wa 2016/17 matokeo yalikuwa mazuri na imani dhaifu, viti vikabaki. Msimu wa 2023/24 timu ilimfukuza kocha Desemba na kukosa mtoano tena, lakini umiliki ulikuwa mpya, Leeder alikuwa amerudishwa kuwa rais, Alfredsson amerudi kazini klabuni, na watu walijaa Kanata kwa wingi ambao haukuonekana katika miaka ya mwisho kabla ya korona. Barabara ilikuwa ileile ya 417.

Ushahidi huo una doa moja ambalo halifai kufichwa. Mahudhurio yalianza kupanda msimu wa 2022/23, kabla ya mauzo kukamilika. Melnyk alikuwa amefariki Machi 2022, na kiangazi hicho klabu ilimsajili Claude Giroux na kumpa Tim Stützle mkataba wa miaka minane. Anayetaka atasema ni usajili uliowarudisha watu. Hata hivyo usajili wa namna hiyo, wa kuongeza badala ya kupunguza, ndio ishara ambayo mashabiki walikuwa wameikosa tangu 2017, na pointi zilizofuata hazikutosha kuipeleka timu kwenye mtoano. Walirudi kabla ya ushindi. Mtoano wenyewe ulikuja 2025, Toronto ikawatoa katika mechi sita.

Hukumu, basi, inampa mmiliki sehemu kubwa ya lawama kwa miaka ya 2017 hadi 2020, lakini haimpi zote. Eneo la uwanja liliifanya klabu isiwe na akiba: Toronto inaweza kukosea kwa miaka hamsini na isilipe, Ottawa ilikosea kwa miaka mitano ikalipa. Uhaba wa wanunuzi wa makampuni uliongeza ukali wa malipo hayo. Matokeo yaliamua kasi ya kuondoka zaidi kuliko sababu yake.

Septemba 2024 klabu na Tume ya Mji Mkuu zilifikia makubaliano ya awali kuhusu ardhi ya LeBreton, na mazungumzo ya uwanja mpya sasa yanatawala. Uwanja huo utarudisha watu wa kupitia tu, utawavuta wa Gatineau, na utaipa klabu akiba ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ujengwe. Ila yeyote atakayeuza mradi huo kwa walipa kodi kama dawa ya viti vitupu aulizwe kwanza kuhusu Winnipeg.